Kadi ya Kijani ya Mwendwa

Tryphena mke wa Gibson hakuwa mtu wa kula maini. Si kwamba hakuyapenda. Katika boma la mama mkwe wake, Mama Priscilla, pale Rukanga chini ya mlima Kasigau, mbuzi akichinjwa maini yalikuwa ya wanaume, na mwanamke aliyeyaonja kabla wao hawajashiba alisemwa hadi mwaka uishe. Tryphena aliolewa hapo mwaka wa sitini na sita, akiwa na miaka kumi na tisa. Aliambiwa habari ya maini siku ya kwanza jikoni, akaitikia. Kwa miaka kumi na miwili aliyapika, akayapakua, akayapeleka kwa wenyewe, naye akabaki na mchuzi na matumbo. Alikuwa na mdomo mkali kwa kila jambo jingine, hata mzee wa kanisa alikuwa akipunguza sauti akipita karibu na ua wake, lakini kwa maini hakusema neno.

Ndiyo maana mwaka wa sabini na nane, alipoona maini yakiingia bomani yamefungwa kwa gazeti, yakipita mbele ya mume wake, yakipita mbele ya mama mkwe, yakaenda moja kwa moja kwenye nyumba ya Mwendwa, alisimama na mwiko mkononi mpaka uji ukamwagikia moto.

Mwendwa alikuwa mke wa Danson, mdogo wake Gibson. Danson alifanya kazi ya reli Voi, akilala chumba kimoja na wanaume wengine watatu, kwa hiyo mkewe alikaa Rukanga na mama mkwe, naye Danson akija Jumamosi moja na kuruka moja. Msichana mwenyewe alikuwa Mkamba, binti wa mzee Kiilu aliyekuwa pia mtu wa reli, kule Mtito. Alikuwa na miaka ishirini na miwili, meno meupe na mkono mwepesi wa kusuka kiondo. Alikuwa ameolewa miaka miwili. Mimba yake ya kwanza ilitoka ikiwa na miezi sita, akalia mwezi mzima, na Tryphena alimpikia uji siku hizo zote bila kuona wivu hata kidogo. Kwa msiba Tryphena alikuwa mtu mzuri sana. Ni kwenye neema ya mwenzake ndiko alikokuwa akishindwa.

Baada ya msiba huo Danson alimpeleka mkewe kliniki moja Voi ambako Alhamisi ilikuwa siku ya wanawake wa aina ya ajabu: wale ambao hawana mimba bado ila wanaitaka. Huko Mwendwa aliambiwa asiharakishe. Kwanza aue minyoo, anywe dawa ya malaria kila Jumapili, ale vidonge vya kuongeza damu, ale maini, asibebe mizigo mizito, apumzike mwaka mzima. Damu ikikaa sawa, ndipo. Akapewa kadi ya kijani ya kuandikiwa maendeleo yake, akawa anaiweka nyuma ya picha ya harusi ukutani.

Tryphena alipoelezwa habari hii na mama mkwe, aliuliza swali moja tu.

"Ana mimba?"

Mama Priscilla akasema hana.

"Basi anakula kwa niaba ya nani?"

 Mama mkwe akamwambia tu kwamba tangu siku hiyo debe la maji la Mwendwa litabebwa na yeye Tryphena, kwa kuwa yeye ana shingo ya nguvu.

Shingo ya nguvu. Maneno hayo yalikaa na Tryphena kama mwiba wa mgunga ndani ya kandambili. Kila alfajiri alikwenda bombani mara mbili kwa ajili ya nyumba yake na ya mama mkwe, sasa akaongeza mara ya tatu kwa ajili ya mtu aliyekuwa amelala akimpumzikia mtoto ambaye hayupo. Yeye alimpata Wakesho akipalilia mpaka siku ya uchungu. Donald alizaliwa kando ya njia, debe liko chini limesimama wima, na maji hayakumwagika. Hao wawili walikuwa hai, wakubwa, wanasoma. Lakini baada yao walikuja wengine wawili ambao hakuna aliyewaita kwa jina. Mmoja alitoka kwenye mwezi wa saba. Wa mwisho alitimiza miezi yote, akazaliwa mzuri, mweupe, mkimya, na Tryphena mwenyewe alitokwa na damu hadi mkunga akaanza kuimba nyimbo za kanisani. Hiyo ilikuwa miaka miwili nyuma. Hakuna aliyemletea kitu kimefungwa kwa gazeti. Siku ya kumi alirudi bombani.

Na jambo ambalo hakuna aliyelijua, hata Gibson hakulijua vizuri, ni kwamba Tryphena alimtaka mtoto mwingine. Alimtaka kwa namna ya mtu aliyeacha kitu njiani na anajua ni wapi. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Kila mwezi alihesabu, na kila mwezi alipoona siku zake zimekuja alikasirika, kisha upande mwingine wa moyo ukafurahi, kwa sababu aliogopa. Akipanda kilima kidogo moyo ulimpiga masikioni. Akiinama kuwasha moto, dunia inazunguka. Na alikuwa na hamu ya udongo. Alibandua vipande vya kichuguu kilichokuwa nyuma ya choo, akavifunga kwenye pindo la leso, akatafuna taratibu akiwa bombani kama wengine wanavyotafuna njugu. Alijiambia huo ni ulevi wake mdogo, hauna madhara kwa mtu.

Maini yaliingia Jumamosi ya kwanza, ya tatu, ya tano. Danson aliyapaka chumvi Voi ili yasiharibike juu ya lori. Mwendwa akaanza kung'aa. Mashavu yalijaa, ngozi ikawa kama imepakwa mafuta kutoka ndani. Watu kanisani walimuuliza Tryphena kama mke wa shemeji yake amebarikiwa, naye akajibu kwamba amebarikiwa na bucha.

Mwezi wa nne wa mambo hayo, Mama Priscilla alikwenda mkutano wa akina mama wa kanisa kijiji cha pili, kulala siku mbili. Gibson usiku alilinda mahindi yasiliwe na tembo na mchana alilala. Alhamisi hiyo Mwendwa alikwenda peke yake kupalilia shamba la chini. Tryphena alimwambia kila mtu kwamba anakwenda Mwatate kumtazama mama yake. Kisha akaingia nyumba ya Mwendwa, akainua picha ya harusi, akachukua kadi ya kijani, akaiweka kifuani. Alipanda lori la Alwi, yule mfanyabiashara wa Voi aliyenunua pojo huku kwetu, akakaa juu ya magunia hadi mjini.

Hakuwa na nia mbaya. Ndivyo alivyojisemea njia nzima. Alitaka tu vile vidonge. Kama kuna mlango ambao watu huingia wakapewa damu, naye angeingia, na kwa kuwa mlango ulikuwa na jina la Mwendwa, basi ataingia kwa jina hilo. Haikumpitia akilini hata mara moja kwamba angeweza kwenda na kupewa kadi yake mwenyewe. Kitu kizuri katika boma lile kilikuwa cha mtu mwingine siku zote, na ukikitaka unakichukua kwake.

Kliniki waliita "Mwendwa Danson" mara tatu kabla hajakumbuka kwamba ni yeye.

Sista aliyekuwa akimfahamu Mwendwa alikuwa amehamishwa mwezi uliopita. Huyu mpya aliitwa Sista Khamisa, mtu wa pwani, mnene, mwenye miwani iliyofungwa uzi na macho yasiyohitaji miwani. Aliitazama kadi, akamtazama Tryphena.

"Hapa yasema una miaka ishirini na miwili."

"Jua la Kasigau ni kali," Tryphena akasema.

Sista hakucheka. Alimuuliza amepoteza mimba ngapi, na kadi ilisema moja, kwa hiyo Tryphena akasema moja. Akaulizwa watoto walio hai. Akasema hana. Alipolisema hilo, Wakesho na Donald walikuwa darasani Rukanga wakijibu majina yao, na yule wa miezi saba na yule mweupe walikuwa wamezikwa chini ya mti wa mnyaa nyuma ya nyumba, naye amewafuta wote wanne kwa neno moja na kubakiza maiti ya mtu mwingine.  Ilikuwa mara ya kwanza siku hiyo kuona kwamba wizi huu una uzito.

Sista alimchoma kidole. Alichukua tone la damu kwa karatasi nyeupe inayonyonya, akaipunga ikauka, kisha akaiweka kando ya kitabu kidogo chenye mistari ya rangi nyekundu, kutoka nyekundu ya pilipili iliyoiva hadi ile ya nguo iliyofuliwa miaka mingi. Alisogeza karatasi chini, chini, chini tena. Kisha akainua kope ya Tryphena, akamwambia atoe ulimi, akamkamua kucha.

"Mwezi uliopita themanini kwa mia," Sista Khamisa akasema. "Leo arobaini na tano. Bibie, damu yako imekwenda wapi?"

"Labda mbu."

"Mbu hao wana ndoo. Wewe wala udongo?"

Tryphena akakana. Akakana kwa uso mkavu kabisa, akijifuta kidole kwa pindo la leso, na pindo likafunguka, na vipande vitatu vya kichuguu vikaanguka juu ya meza ya serikali.

Sista aliviokota kimoja kimoja, akavipanga. Hakumfokea. Hilo ndilo lililomshinda Tryphena, kwa kuwa alikuwa amejiandaa kufokewa na alikuwa na majibu. Alimweleza kwa sauti ya chini kwamba hamu ile yenyewe ni ugonjwa wa damu kupungua, na udongo nao unaleta minyoo inayokunywa damu iliyobaki, na kwamba mwanamke mwenye arobaini na tano akishika mimba, mtoto anakula kutoka kwenye sufuria tupu.

"Nyinyi mwaja kwangu tumbo limefika kidevuni, mwataka niwaongeze damu kwa wiki mbili. Damu si chai. Wewe umefanya vyema kuja kabla. Lakini nisikilize: ukizaa na damu hii, huenda usirudi nyumbani. Miezi sita usishike mimba. Mumeo yuko karibu?"

Tryphena akasema mume wake analala shambani kwa ajili ya tembo.

"Basi tembo hao ni wema. Lakini usiwategemee wao peke yao." Akamwonyesha njia za kujikinga, akamwambia arudi na mume. Akampa dawa ya minyoo, vidonge vya damu vya mwezi, na akaandika kwenye kadi mistari minne kwa Kiingereza, kwa mwandiko wa kukimbia. Tryphena alisoma mpaka darasa la nne. Aliona mistari ile kama nyayo za kuku, akadhani ndivyo wanavyoandika kwa kila mtu. Jioni kadi ilikuwa nyuma ya picha ya harusi, na vidonge vilikuwa ndani ya kibuyu cha mbegu.

Jumamosi Danson alikuja. Baada ya chakula cha mchana alichukua kadi kama kawaida yake, maana alipenda kuitazama namna wengine wanavyotazama kitabu cha benki. Watu wote walikuwa uani: mama mkwe kwenye kigoda, Gibson akinoa panga, Mwendwa akisuka, Tryphena akiosha sufuria. Danson alisoma kimya. Kisha akasoma tena, akimtafsiria mama yake, na sauti yake ilikuwa imebadilika. Damu arobaini na tano. Anakula udongo. Ni hatari sana akipata mimba sasa. Asishike kwa miezi sita, alishwe vizuri, aletwe na mume.

Sufuria ilimtoka Tryphena mkononi.

Mwendwa akasema Alhamisi hakwenda popote, alikuwa akipalilia shamba la chini. Danson akamwonyesha tarehe. Mwendwa akasema hajala udongo tangu azaliwe. Mama Priscilla aliinuka kwenye kigoda, akaenda akamshika uso kwa mikono miwili, na Tryphena, aliyeishi na mama huyo miaka kumi na miwili, hakuwahi kujua kwamba mikono ile inaweza kufanya hivyo.

"Umesahau, mwanangu," akasema. "Damu ikipungua hata kichwa kinasahau. Usiogope."

Hapo ndipo Tryphena angesema. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini alitegemea bado kwamba sasa watakasirika, kwamba mama mkwe atauliza maini ya miezi minne yameingia wapi, na sehemu moja ya moyo wake, ile yenye njaa, ilikaa tayari kutazama. Haikutokea. Iliyotokea ni huruma. Ilimwagika boma zima, na yote ikaenda upande mmoja.

Mwendwa alilazwa kitandani kwake. Alikatazwa jembe, akakatazwa kuni, akakatazwa hata kufagia, kwa kuwa kufagia ni kuinama. Danson aliahidi maini kila Jumamosi badala ya moja na kuruka moja, hata kama ni kuyatuma kwa lori. Kuku jike aliyekuwa akitaga aliwekwa kwa jina la Mwendwa. Na Tryphena, mwenye shingo ya nguvu, alipewa kazi zote zilizobaki. Juu ya hizo akapewa moja mpya: kukilinda kichuguu cha nyuma ya choo, ili mgonjwa asije akakijia.

Basi akakilinda. Saa nane mchana jua likiwaka alisimama kando ya kichuguu chake mwenyewe, mate yakimjaa, asiweze kubandua hata kipande, kwa sababu mama mkwe alikuwa akichungulia kuona kama mlinzi yuko kazini. Vidonge alivimeza kwa siri. Choo chake kikawa cheusi, kama vidonge vya damu vinavyofanya, naye akadhani ameanza kuoza ndani, na hakuwa na mtu wa kumuuliza. Wiki mbili alitembea hivyo. Alimwona Mwendwa akiletewa yai. Alimwona akifunikwa blanketi. Kila kitu walichomfanyia Mwendwa walikuwa wakimfanyia mtu mwenye arobaini na tano, na mtu huyo alikuwa akipita mbele yao na debe kichwani, midomo myeupe, wakimwambia aangalie asimwage.

Hata usiku akilala alifanya hesabu ya ajabu. Ugonjwa ni wangu, alisema moyoni. Hata ugonjwa wamempa yeye.

Jumamosi ya pili Danson alikuja na maini, na Mama Priscilla aliyakaanga mwenyewe kwa kitunguu. Tryphena alikuwa anaingia langoni kutoka bombani, mara ya nne siku hiyo. Alimwona Mwendwa anasukuma sahani kando. Msichana alikuwa amechoka kulala, amechoka kuitwa mla kichuguu na watoto wa jirani, na maini yalikuwa yamemkinaisha. Akasema wampe paka.

"Kula," mama mkwe akambembeleza. "Kula, mwanangu. Damu yako ni arobaini na tano."

Tryphena alilitua debe. Alilitua kwa kishindo, na safari hii maji yalimwagika.

"Hiyo arobaini na tano ni yangu."

Wote wakamgeukia. Danson aliuliza yako vipi, kama mtu aliyesikia mtu anadai kivuli. Tryphena akasema yote kwa mpigo mmoja, kwa sauti ya ugomvi, kana kwamba wao ndio walioiba: lori la Alwi, picha ya harusi, kidole, karatasi, kichuguu. Akavuta kope yake chini kwa kidole waone kulivyo kweupe ndani. Akasema huyo mnayemlisha ni mzima kama ng'ombe wa maonyesho, damu yake themanini, na mimi ndiye niliyeambiwa nikizaa sirudi, na mmenisimamisha juani nilinde udongo.

 Alipomaliza, Gibson, aliyekuwa akinoa panga kando, aliliweka chini.

Aliyesema wa kwanza ni Mwendwa. Aliliondoa blanketi miguuni, akalikunja vizuri pembe kwa pembe. "Wiki mbili naambiwa nimepoteza akili," akasema polepole. "Nilianza kuamini, Mama Wakesho. Nilikaa pale ndani nikijiuliza ni siku ngapi nyingine nimezisahau." Kisha akaisukuma ile sahani kuvuka mkeka, hadi miguuni mwa Tryphena. "Kula."

"Sitaki makombo."

"Basi usile. Lakini kadi yangu utaisafisha. Utakwenda Voi na mimi, umwambie sista kwa mdomo wako huo huo."

Mama Priscilla alikuwa amekaa tena kwenye kigoda, akiutazama mkeka. Tryphena alingojea asemwe, na kweli mama mkwe alisema, ila si alichokitegemea. Alisema yeye alizaa tisa akazika watano, na maini hajui ladha yake mpaka leo, hata haya aliyoyakaanga hakuonja chumvi. Alisema Mwendwa alipewa kwa sababu mume wake aliomba. Hakuna mwanamume mwingine wa nyumba hii aliyewahi kuomba. Akamtazama Gibson, kisha kwa namna fulani akawa anamtazama marehemu mume wake pale pale. "Na mimi, je?" akasema, na sauti yake ilikuwa ya msichana aliyenyimwa. Wote wakakosa pa kuweka macho.

Mwishowe paka hakupata kitu. Mama mkwe ndiye aliyeyala, kipande kwa kipande, akayamaliza.

Jumanne ilikuwa siku ya bucha ya pale kijijini. Gibson, mtu wa maneno machache, alirudi nyumbani mchana na kitu ndani ya koti, akitembea kama aliyeficha kuku wa jirani, maana wanaume wenzake walikuwa wamemuuliza maini ya nani na alikuwa amewajibu ukweli. Akakiweka mezani. Akamuuliza Tryphena kwa nini hakumwambia. Tryphena akamuuliza angefanya nini. Gibson akasema hajui, lakini angalau angekuwa anajua. Tryphena aliyapika, akayala nyuma ya mlango. Si kwa ajili ya mila. Hakutaka kumgawia mtu.

Alhamisi waliondoka watatu kwa lori, Gibson katikati kama polisi. Kwenye benchi la kliniki yeye alikuwa mwanamume peke yake, na wanawake walimsogelea wamwone vizuri. Sista Khamisa aliwatazama wale wawili na kadi moja.

"Mwendwa ni nani hapa?"

Tryphena alieleza. Sista alivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akamuuliza kwa nini hakuomba kadi yake mwenyewe, mbona ziko bure. Tryphena akajishughulisha na kufunga pindo la leso. Sista akapiga mstari mwekundu juu ya ile mistari minne, akatia sahihi, akamrudishia Mwendwa kadi yake safi. Kisha akamuuliza Tryphena upya: mimba ngapi? Tryphena akasema nne. Walio hai? Wawili. Akawataja kwa majina, Wakesho na Donald, ingawa hakuulizwa majina. Sista akaandika, kisha akamgeukia Gibson akaongea naye juu ya miezi sita, na juu ya debe la maji, na Gibson akaitikia kila kitu akiitazama kofia yake.

Kadi aliyopewa Tryphena ilikuwa ya kahawia. Aliigeuza huku na huku.

"Ya Mwendwa ni ya kijani."

"Za kijani zimekwisha," Sista akasema. "Kazi ni ile ile."

"Hata hivyo."

Miezi ile sita walikwenda pamoja, kwa kuwa lori lilikuwa moja. Hawakuwa marafiki wa kushikana mikono. Mwendwa alichukua miezi kumsamehe, na akiwa na hasira alisema mbele ya watu kwamba leo ameamka vizuri, anakumbuka hata Alhamisi. Tryphena alimeza hilo pamoja na vidonge. Gibson alibeba maji alfajiri kabla watu hawajaamka, kisha wakamwona, wakamcheka, wakachoka kumcheka. Hamu ya udongo iliisha yenyewe, siku moja tu Tryphena alipita kando ya kichuguu akiwa na haraka, na alipofika jikoni ndipo akakumbuka kwamba hakukiangalia.

Mwezi wa sita Sista Khamisa aliwachoma vidole wote wawili asubuhi moja. Akakausha karatasi mbili, akazilaza kando ya kile kitabu cha rangi. Akamwambia Mwendwa yuko sawa. Akamwambia Tryphena, sasa unaweza, ukipenda.

Tryphena hakuinuka. Aliomba zile karatasi ziletwe dirishani.

"Za nini?" Sista akauliza.

"Nione ya nani imekoza."

"Nyekundu ni nyekundu, bibie. Nenda nyumbani."

Lakini alizileta dirishani, na wote watatu wakainama kuzitazama, Mwendwa naye pia, na hawakuafikiana.

Mwaka uliofuata, wa sabini na tisa, Mwendwa alimzaa Makau, kilo tatu kamili, naye mtoto akalia mpaka wakasikia nje. Miezi mitatu baadaye Tryphena alimzaa Reuben Voi hospitalini, si kando ya njia, na alirudi nyumbani kwa miguu yake. Reuben alikuwa na kilo tatu na robo. Tofauti hiyo Tryphena hakumtajia mtu yeyote, isipokuwa kila aliyepita barabarani.